Feni Isiyoujua Mguu Wake

Waliomwona Rachael akiwasha gari walidhani ni mazoea ya watu wa dizeli. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya magorofa mapya ya Gatong'ora, alifungua mlango wa pikapu, akasimama nje miguu yake yote ikiwa chini, akaingiza mkono na kuzungusha ufunguo. Kisha alirudi nyuma mpaka kwenye ua wa kayaba, akaificha mikono ndani ya mikono ya sweta, akasikiliza.

Pikapu ilivuma. Haikuwa injini, injini ilikuwa na kikohozi chake, na kila mtu wa Ruiru anakijua kikohozi cha injini kuukuu. Kilichovuma ni feni, ile inayokaa nyuma ya redieta na kuzungushwa na injini yenyewe. Katikati yake kuna klachi, kidude cha mviringo kilichojaa mafuta mazito. Gari likilala kwenye baridi, mafuta hayo hujikusanya pamoja, na asubuhi huikamata feni kwa nguvu ikabidi izunguke kwa kasi ya injini. Hapo huvuma kama upepo uliofungiwa ndani ya pipa. Baada ya muda mfupi mafuta husambaa, feni ikalegea, mvumo ukafifia. Ndipo Rachael alipoingia, akafunga mlango na kuondoka.

Alisikiliza kwa sababu ndani ya mvumo ule kulikuwa na neno, na alikuwa bado hajalijua ni neno gani.

Mumewe alikuwa Ndung'u, mtu wa miche. Walikuwa na kitalu kando ya mto, chini ya barabara ya baipasi, na watu wenye nyumba mpya za Kahawa Sukari na Juja walikuja kwake kununua miti ya kivuli, parachichi, na maua ya kuzunguka geti. Ndung'u hakuuza mti kama mtu anayeuza sukari. Alitaka kujua utapandwa wapi. Siku moja alikataa kumpa bwana mmoja mche wa mti mkubwa kwa sababu aligundua utakaa juu ya bomba la maji taka. "Huo mti utakulaumu miaka ishirini," alimwambia, na yule bwana akaondoka amenuna. Jumapili moja Ndung'u alienda kanisani na gambuti za shambani miguuni kwa kuwa alipitia kitaluni kwanza, akasahau. Alikuwa anacheka kwa pua. Walizaa binti mmoja, Maggie, aliyepewa jina la mamake Ndung'u, Magdalene, na sasa Maggie alikuwa anasomea Juja na kurudi nyumbani wikendi.

Mwaka juzi, mvua ndefu zikiwa zimeanza, Ndung'u na Rachael walikuwa wakipeleka miche kwenye shule moja ya Thika. Walipokaribia njia ya kuingilia Makongeni, feni ikaanza kugonga, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha mlango akiwa hana haraka. Ndung'u akaegesha kando ya barabara, akafungua boneti. Rachael akahamia kiti cha dereva.

"Mama Maggie, kanyaga kidogo nisikie."

Akakanyaga. Boneti iliyoinuliwa ilimziba, hakumwona mumewe. Aliona kipande tu cha shati lake kwenye upenyo mwembamba kati ya boneti na kioo. Injini ikapanda, na feni ikapanda nayo. Ndung'u akasema neno. Mvumo ulikuwa umeshajaa kila mahali, na lililomfikia Rachael lilikuwa mkia tu wa neno. Alidhani amesema "kazia". Akakazia.

Ubawa mmoja wa feni, uliokuwa umeshaingia ufa kwenye shina lake, ukakatika na kuruka. Ulimpiga Ndung'u ubavuni mwa shingo.

Watu wa barabarani walikimbia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichoma mahindi pale kando alivua leso yake kiunoni akaikandamiza shingoni mwa Ndung'u, na gari la mtu wasiyemjua likawachukua wote wawili, Ndung'u na yule mwanamke aliyekuwa bado ameshika leso. Rachael hakuwamo. Mguu wake ulikuwa umekataa kutoka kwenye mafuta. Injini ilikuwa inalia, feni iliyovunjika inatikisa gari zima, na yeye alikuwa amekaa anatazama boneti, mpaka mwanamume fulani alipopenyeza mkono dirishani akazima ufunguo, kisha akaushika mguu wake kwa mikono miwili, taratibu, akauondoa. Rachael alipofikishwa hospitalini na gari lingine, Ndung'u alikuwa ameshafariki njiani.

Baadaye, matanga yakiwa yanaendelea na nyumba imejaa watu na sufuria za chai, ndipo lilipomjia wazo ambalo halikuondoka tena. Labda hakusema "kazia". Labda alisema "achia".

Hakuna aliyemlaumu. Polisi walisema ni ajali. Mchungaji alisema ni siku yake. Magdalene, mama mkwe wake, aliyekuwa na nyumba yake ndogo hapohapo uani na macho yaliyokuwa yakiendelea kufifia, hakusema lolote. Hakumwuliza Rachael ilikuwaje. Hakumwuliza siku ile, hakumwuliza baada ya mazishi, hakumwuliza mwaka ulipokwisha. Walikula pamoja, wakaomba pamoja, na kutouliza kule kukakaa mezani kama mtu wa tatu.

Shemeji yake alipeleka pikapu ikafungwa feni nyingine juu ya klachi ileile. Rachael akaiendesha, kwa sababu miche haitembei yenyewe, na kitalu ndicho kilichokuwa kikimsomesha Maggie. Barabarani ilikuwa nafuu kidogo, upepo na magari mengine yalifunika mambo. Lakini akipanda mlima na mzigo, feni iliamka. Alipokanyaga ilipiga kelele, alipolegeza ilinyamaza. Sauti ile ilikuwa imefungwa kwenye mguu wake kama mbuzi kwenye kamba. Na kila ilipopanda, ndani yake kulikuwa na mtu anayesema kitu, *achia*, *kazia*, *achia*, na mguu wake haukujua umtii nani.

Siku moja yalimshinda pale Juja, kwenye msongamano, mchana kweupe. Mshale wa joto ulikuwa juu, feni imeshika, magari yakasogea mbele, na yeye hakuweza kukanyaga. Mguu ulikaa hewani juu ya pedali. Nyuma wakapiga honi. Dereva mmoja akashuka, amekasirika, akaja mpaka dirishani, akamtazama usoni, hasira ikamtoka. "Mama, sogea huko," alisema kwa upole, akamwegeshea gari kando.

Kesho yake alienda kwa Sifuna.

Absalom Sifuna alikuwa na gereji ya mabati karibu na reli, pale Ruiru. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpana, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisa lake, na alizungumza polepole kana kwamba kila neno linapanda kutoka kwenye kisima. Alimjua Ndung'u. Miti miwili iliyotia kivuli gereji yake ilitoka kwa Ndung'u.

"Nataka unitolee feni," Rachael alisema.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

Sifuna akafuta mikono kwa kitambaa. "Bila feni injini itachemka, mama. Hutafika hata Juja."

"Niwekee ya stima. Nimeona magari madogo yanayo."

"Yapo." Alifikiri. "Lakini nikuambie ukweli. Hii ya klachi haina mambo mengi. Haina waya, haina fyuzi, inasukumwa na injini basi. Ya stima inakula betri. Waya ikilegea, inakuangusha njiani. Kwa gari la mzigo wengi wangekuambia uiache hii."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Rachael aliangalia chini, kwenye udongo mweusi wa mafuta. Alikuwa amejiandaa kusema habari ya kupunguza dizeli. Badala yake alisema, "Nataka feni isiyoujua mguu wangu."

Sifuna hakuuliza tena. Alikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akasema, "Iache. Njoo Alhamisi."

Alipokuja Alhamisi alimkuta Sifuna bado yuko kazini. Feni ya zamani na klachi yake vilikuwa vimelazwa juu ya gunia, mbali kidogo na vyuma vingine, na mtu alikuwa amevifunika nusu kwa gazeti. Mbele ya injini palikuwa na nafasi ya ajabu, kama jino lililong'olewa. Mkanda ulibaki, kwa kuwa bado ulizungusha pampu ya maji na altaneta inayochaji betri. Kwenye redieta Sifuna alikuwa amefunga feni mpya ndani ya fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Aliitoa kwenye gari dogo lililokwisha kazi, akaijaribu kwenye betri kabla ya kuifunga, akapima altaneta kuona kama itabeba mzigo. Alimwonyesha waya nene, fyuzi yake, na kidude kilichokaa kwenye bomba maji ya moto yanapoingilia.

"Hiki ndicho kinachosikia joto. Maji yakifika kiasi fulani, kinaamsha feni. Yakipoa, kinailaza. Hata ukizima gari, yakiwa bado moto, itaendelea kidogo. Usishtuke."

"Na mimi nikikanyaga?"

"Ukikanyaga, injini itasikia. Feni haina habari nawe."

Palibaki kuijaribu. Injini ya dizeli ikiachwa inanguruma tu pale haichemki upesi; lazima mtu akanyage mafuta kwa muda huku fundi anatazama. Sifuna alifungua mdomo kusema, kisha akaufunga. Rachael aliliona neno likirudi kooni mwake.

"Nitatafuta kijiti nikikaze kwenye pedali," alisema.

"Hapana," Rachael akajibu. "Nitakanyaga mimi."

Sifuna alichukua spana, akazunguka mbele ya gari, na badala ya kuinua boneti akaanza kuifungua bawaba zake. Aliitoa boneti yote, akaibeba kichwani kama mtu anayebeba meza, akaiegemeza ukutani. Sasa kutoka kiti cha dereva Rachael aliweza kuona kila kitu, injini, redieta, na Sifuna mwenyewe aliyesimama kando, mbali na usawa wa feni.

"Mimi nitakaa hapa unione," alisema. "Hatutasemezana kwa mdomo. Nikiinua kiganja hivi, unaachia. Nikikishusha hivi, unakanyaga. Sawa?"

"Sawa."

Aliingia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi kukaa kwenye kiti kile injini ikiwa baridi. Akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Alingoja mvumo, mwili wake wote ukajikaza kuupokea, na mvumo haukuja. Kilichokuja kilikuwa sauti za Ruiru: mtu anagonga bati, kuku, redio ya kinyozi.

Kiganja cha Sifuna kikashuka. Akakanyaga.

Injini ikapanda peke yake. Rachael alikuwa ameushika usukani mpaka vidole vikageuka rangi. Alimtazama Sifuna usoni bila kupepesa, na Sifuna naye akamtazama, hakuangalia kitu kingine, mshale ukipanda, ukipanda. Kisha, *tik*, kitu kidogo kikalia chini ya dashibodi, na mbele kule feni ikaanza kuzunguka yenyewe, na mlio mwembamba kama wa mashine ya kushonea. Kiganja kikainuka. Rachael akaachia. Injini ikashuka, feni ikaendelea vilevile.

"Sijakanyaga," alisema kwa sauti.

"Ndiyo," Sifuna akajibu. "Hujakanyaga."

Akashuka, akaenda nyuma ya gereji, akakaa juu ya tairi, akalia mpaka pua ikaziba. Sifuna alirudisha boneti bila haraka yoyote.

Ingekuwa vizuri kusema mambo yakaishia hapo. Hayakuisha. Asubuhi iliyofuata aliwasha gari akiwa amekaa kitini, likakohoa bila mvumo, na alipotoka getini alihisi kama ameacha mtu nyumbani. Mvumo ulikuwa umeondoka, lakini neno lilikuwa limebaki bila pa kukaa, na sasa lilianza kuhamahama. Alilisikia kwenye birika linapokaribia kuchemka. Alilisikia kwenye mashine ya posho mili, akaacha mahindi yake pale akaja kuyachukua kesho yake. Upepo ulipopita kwenye neti nyeusi ya kitalu, yale mapazia marefu yakajaa na kushuka, alisimama katikati ya miche na kopo la maji mkononi akisubiri limalizie. *A*... *zia*. *A*... *chia*. Halikumalizia kamwe. Aliwaza kwamba alikuwa amemfukuza Ndung'u kwenye mahali pekee alipokuwa amebaki.

Na Magdalene naye alibadilika. Mara mbili Rachael alirudi adhuhuri akamkuta mzee ameketi kwenye kiti chake mlangoni na shuka la asubuhi bado begani, chai haijaguswa.

"Maitu, mbona hujanywa?" alimwuliza, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Nangoja gari litoke," Magdalene alisema. "Leo mmechelewa kwenda."

"Gari lilishatoka, maitu. Nimeshafika Kahawa Sukari nikarudi."

Mzee aligeuza uso wake kuelekea pale pikapu ilipoegeshwa, macho yake yakitafuta. "Sikusikia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Jumamosi moja, jua likiwa bado juu, Rachael alifika kutoka Juja na mzigo mzito wa udongo. Alizima gari, akatoa ufunguo, akaenda kufungua kitalu. Nyuma yake feni ikaamka. Gari limezimwa, hakuna mtu ndani, na kitu kikaanza kuhema chini ya boneti. Sifuna alikuwa amemwambia, na bado nywele za shingo zilimsimama. Alikuwa amesahau kabisa kuwaambia walio nyumbani.

Alipogeuka alimwona Magdalene amesimama kutoka kwenye kiti chake bila fimbo, mikono imetangulia mbele, anakuja kwenye gari akifuata sauti. Alifika, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti yenye joto, akainamisha kichwa.

"Ni we?" aliuliza kwa Kikuyu, polepole. Ni wewe?

Feni ilizunguka kidogo, ikapunguza, ikanyamaza.

Rachael alisogea nyuma yake. Akamgusa bega. "Ni feni, maitu. Nilibadilisha feni. Ile ya zamani ilikuwa... sikuweza kuvumilia kelele yake."

Magdalene hakugeuka. "Ile ilikuwa kelele ya mwanangu akienda kazini," alisema. "Kila asubuhi. Hata baada ya kumzika niliisikia, nikasema, haya, ameenda. Nilijua ni wewe. Sijapotewa na akili. Lakini sikio lina akili yake." Kisha, mikono bado iko juu ya boneti, aliuliza lile swali. "Alisema nini, Rachael? Siku ile. Alisema nini?"

Rachael alimwambia. Alimwambia habari ya neno, yale mawili, na mguu. Alimwambia akiwa amesimama juani na funguo za kitalu mkononi, bila kulia, kwa sababu lilikuwa limekaa ndani muda mrefu mno na likatoka likiwa kavu.

Magdalene alisikiliza mpaka mwisho. "Na kwenye gari la yule mtu? Njiani?"

"Sikuwa naye. Alikuwa na mwanamke wa mahindi."

"Ulimwuliza?"

"Sijawahi kurudi pale." Kila alipopeleka miche Thika alizunguka njia ya mbali ili asipite.

"Basi twende," Magdalene alisema. "Nishike mkono."

Walienda siku ya Jumatatu. Rachael alipakia miche ya shule nyingine, maana hakutaka iwe safari ya bure, na Magdalene akaketi kando yake amevaa koti lake la kanisani. Barabara kuu ilikuwa wazi. Baada ya Juja mzee aliweka mkono juu ya dashibodi na kuuacha pale, kama anayepima homa ya mtoto.

Walipokaribia njia ya Makongeni, Rachael alihisi mguu unaanza kuwa mzito. Alishusha kioo, akapumua, akaegesha nyuma kidogo ya pale penyewe. Jiko la mahindi lilikuwapo. Mwanamke aliyekuwa analipepea alikuwa mnene, na kitambaa chekundu kichwani, na alipoona pikapu ya buluu kipepeo kilisimama mkononi mwake.

Alikuwa akiitwa Apiyo. Aliwaleta chini ya mwavuli wake, akampa Magdalene kibao cha kukalia, akabaki amesimama.

"Nilidhani utakuja mapema," alimwambia Rachael. Haikuwa lawama. "Nilikuwa nalitazama kila gari la buluu."

"Niliogopa."

"Mimi pia. Niliogopa utauliza kwa nini nguo yangu haikuzuia damu."

Rachael alimshika mkono. Lori lilipita, moshi wa mahindi ukainama na kuinuka tena.

"Kabla ya ule ubawa kuruka," Rachael alisema, "alisema neno. Ulikuwa karibu. Ulilisikia?"

Apiyo alifikiri kweli, uso wake umekunjamana. Ilionekana angetaka sana kuwa na jibu. "Hapana, dada. Feni ilikuwa inapiga kelele. Nilimwona mdomo ukifunguka, basi. Singekudanganya."

Rachael aliitikia kwa kichwa.

"Lakini kwenye gari aliongea," Apiyo akaendelea. "Sauti ndogo. Ilikuwa Kikuyu, na mimi Kikuyu changu ni cha kuuzia mahindi tu. Nililishika hivyohivyo. Alisema, 'tika kurira'. Mara mbili. 'Tika kurira.'"

Magdalene alifunika mdomo kwa kiganja.

"Ni nini?" Apiyo aliuliza. "Nimekuwa naogopa kuuliza watu. Nilidhani labda ni kitu kibaya."

"Ni *tiga kurira*," Rachael akasema. "Usilie. Alikuwa anasema usilie."

Apiyo alikaa chini juu ya gunia la makaa. "Mimi ndiye nilikuwa nalia," alisema. "Nililia njia yote. Pengine alikuwa ananiambia mimi."

"Alikuwa anakuambia wewe," Magdalene alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka kidogo, kicheko cha puani. "Mtu hata hakujui. Shingo imekatika. Anakuambia usilie. Huyo ni mwanangu, huyo, hakuna mwingine."

Walikaa pale mpaka mahindi mawili yakaungua. Apiyo alikataa kuwaacha waende mikono mitupu, akawafungia mahindi. Magdalene alimwambia achague mche nyuma ya gari, naye akachagua mdogo kuliko yote, akauliza unapenda jua au kivuli. Rachael alimweleza. Alijikuta akimwuliza utapandwa wapi, na ukuta uko umbali gani.

Lile neno la kwanza halikupatikana, na halitapatikana. Bado humjia Rachael siku za upepo, kwenye neti, na siku hizo huacha kopo chini na kusimama mpaka lipite. Magdalene naye hakuzoea kimya cha gari. Kwa hiyo walikubaliana: Rachael akitoka getini apige honi, mlio mmoja mrefu na mmoja mfupi, mzee ajue kwamba mtu wa nyumba hii ameenda kazini. Maggie, akiwa amelala wikendi, huvuta blanketi kichwani na kulalamika. Jirani wa ghorofani, bwana mmoja mgeni anayefanya kazi usiku, alishuka siku moja na suruali ya kulalia akaomba honi ile ikome. Rachael alimwomba radhi, akampa mche wa limau kwenye kopo, na asubuhi yake akaipiga tena.